Kabla hujapiga Windows nyingine kwenye hiyo laptopu

Kibanda changu cha kutengeneza kompyuta kiko Kirumba, Mwanza, njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Ukikaa pale wiki moja utajua mambo mawili: kwamba laptopu inaweza kunuka dagaa hadi ndani ya feni, na kwamba mteja mgeni akiingia hunitazama, akachungulia nyuma yangu, kisha akauliza, "Samahani dada, fundi yupo?" Fundi ndiye mimi. Nipo kwenye kiti hiki tangu enzi za Windows 7, na tangu Oktoba 2025 wanaoingia wana maneno yaleyale: "Dada, imeniandikia Windows 10 imeisha muda wake. Nipigie nyingine basi, jioni napitia."

Kupiga Windows ni kuiweka upya kwenye mashine, na zamani ningesema sawa. Flashi ipo kwenye droo, kazi ya saa moja, shilingi elfu kumi na tano, tunaagana. Siku hizi nauliza maswali kwanza, na wengine wananuna. Basi nimeyaandika hapa maswali hayo pamoja na hatua ninazofuata, ili mwenye kuweza afanye mwenyewe hukohuko aliko, iwe Buhongwa au Nansio kisiwani, asipande meli kuja kunitazama mimi nikibofya.

Kilichoisha ni nini hasa

Windows 10, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea kompyuta, ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuitolea viraka vya usalama vya bure. Ni hicho tu kilichoisha. Laptopu itawaka kesho kama ilivyowaka jana, Word itafunguka, muziki utapiga. Ndiyo maana watu hawashtuki. Wavuvi hunielewa upesi kuliko watu wa ofisini: wavu uliotoboka bado unaingia majini vizuri tu, shida ni kwamba aliyekuwa akiushona amehama.

Anayedhani natisha watu akumbuke Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa tarehe 12 mwezi ule, kikafika nchi zaidi ya 150, kikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa. Kilikuwa kinadai dola 300 kwa bitcoin. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni waliokuwa hawajaweka kiraka, na wale waliokuwa kwenye matoleo ya kale yasiyoshonwa tena. Sasa Windows 10 imeingia kwenye kundi hilo la pili.

Kosa langu

Kabla sijakuambia cha kufanya, nikuambie nilichofanya mimi. Mwaka 2020 mwalimu mmoja wa sekondari alirudi kibandani asubuhi na mapema, kabla hata sijafagia. Laptopu aliichukua kwangu jana yake jioni. Alama za wanafunzi, maandalio ya masomo ya miaka mitatu, picha za mtoto wake mchanga, kila faili ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi nne zisizo na maana, na ndani ya kila folda kuna faili mpya iitwayo _readme.txt. Nikaifungua. Lipa dola 980, inasema. Ukilipa ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu, dola 490. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

Kirusi kile kinaitwa STOP, wengine Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ilikuwa programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa leseni. Nikabaki nimeduwaa, maana jana yake nilikuwa nimemwekea Office, na ili isiulize leseni nikawasha kile kiprogramu cha kuamshia ambacho kila fundi anacho kwenye flashi yake. Maelekezo ya kwanza ya kiprogramu chenyewe yalisema: zima kinga ya virusi. Nikazima. Kwa mkono wangu huu.

Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 zana ya bure ya kufungua faili zilizofungwa na aina nyingi za kirusi hicho. Nyingi, si zote. Ya mwalimu haikuwemo. Tulichookoa ni kile alichowahi kukituma kwa barua pepe na WhatsApp. Pesa yake nilimrudishia, lakini picha za mtoto sikuwa na pa kuzitoa.

Tangu siku ile sipigi Windows ya kukraki. Si kwa sababu naionea Microsoft huruma. Ni kwa sababu kitu cha kwanza ambacho kraki inakuomba ni ufunguo wa mlango wako, na wewe unampa mtu usiyemjua.

Jua una mashine gani

Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika msinfo32, piga Enter. Tafuta mstari wa prosesa (Processor), yaani ubongo wa mashine. Tuseme umeona i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo hiyo ni ya kizazi cha 6. Ikianza na 10, 11 au 12, basi hicho ndicho kizazi chake. Windows 11 inataka, kwa upande wa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Hiyo TPM unaiona ukiandika tpm.msc palepale ulipoandika msinfo32.

Hapa ndipo wengi wanapigwa kwenye mitumba. HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 ukiziweka pamoja mezani ni ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni kizazi cha 6, ya pili kwa kawaida ni cha 8. Moja inapita, moja haipiti, na bei muuzaji anakutajia ileile. Kabla hujatoa hela, mwambie aiwashe na uandike msinfo32 mbele yake. Akikasirika, nenda duka la jirani.

Angalia pia diski. Kama bado ina diski ya zamani ile inayozunguka, ukiweka sikio unaisikia inakwaruza, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kabla ya jambo lingine lolote. Nimeona watu wakibadilisha mfumo mara tatu wakilalamika mashine nzito, kumbe mzigo wote uko kwenye diski. Nikiifungua nasafisha na feni, maana huku ziwani kuna wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wakivutwa na taa usiku wanaishia ndani ya laptopu, wanafanya tope na vumbi, mashine inachemka, mwenyewe anasema ni virusi.

Una kazi gani nayo

Swali hili ndilo linaloamua, wala si kipi kizuri kati ya Windows na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure.

Kama mashine yako imepita vipimo na Windows 10 yako ni halali, panda Windows 11. Bure, inapitia palepale kwenye masasisho. Sina zaidi la kusema.

Kama haijapita, na kazi yako inadai Windows, mfano unatunza hesabu za duka kwa programu inayokaa Windows tu, unahariri video za harusi kwa Adobe Premiere, au unachora ramani za nyumba kwa AutoCAD, usiruhusu mtu yeyote akuwekee Linux kwa ushabiki. Utamchukia yeye na Linux yake. Microsoft imefungua mpango wa kuongezewa viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani: unaingia na akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, au unatumia pointi 1,000 za zawadi zao, au unalipa dola 30. Kiungo kiko kwenye ukurasa wa masasisho. Hiyo ni nafasi ya kudunduliza hela ya mashine nyingine, si tiba.

Mafundi wenzangu watasema: si unatumia Rufus, kile kiprogramu cha kuandikia mfumo kwenye flashi, kuruka vipimo, Windows 11 inaingia hata kwenye kizazi cha 4? Inaingia, ndiyo. Nimefanya. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyopita vipimo haina hakika ya kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta tangu mwanzo. Ni sawa na kuhama nyumba inayovuja ukaingia nyingine ambayo mwenye nyumba hajaahidi kuja kuziba.

Wa tatu ndiye mteja wangu mkubwa: mwanafunzi, mwalimu, mwenye steshenari, mama anayeandika oda za sato na sangara kwenye jedwali. Kazi zake ni intaneti, barua, majedwali, filamu na kuprinti. Laptopu ni ya kizazi cha 4, 5 au 6. Huyu namwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na hatua zote zilizobaki hapa ni zake.

Kwa nini Mint na si nyingine? Kwa sababu menyu iko chini kushoto kama alivyozoea, inakubali RAM ya GB 2 na inakwenda vizuri na GB 4, na haimlazimishi kufungua akaunti popote. Ubuntu, Linux nyingine, nayo ni nzuri. Mimi mwenyewe nilianza nayo nikiwa shule, enzi walipokuwa wakituma CD kwa posta bure dunia nzima, bahasha ikafika na jina langu. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini, na jina lenyewe halihitaji kamusi kwa Mbantu yeyote: ubuntu, utu. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo sijaiacha mbali. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni bure pia, lakini bila intaneti inakuwa kama redio isiyo na betri, na bando la watu wangu ni la kupimwa.

Wanaonijia na MacBook za zamani ninawaambia ukweli: Apple haitangazi mapema lini itaacha kushona toleo fulani. Kawaida yake ni kuyatunza matatu ya karibuni. Na imeshasema macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa ya Intel. Ukiuziwa MacBook ya Intel kwa bei ya kuokota, jua ndiyo sababu.

Nakala kwanza

Usiruke. Chukua diski ya nje, nakili folda zako zote, kisha chomoa, chomeka kwenye kompyuta nyingine, fungua faili tano uone kama zinafunguka. Watu husahau vilivyo juu ya uso wa skrini na vile vilivyopakuliwa. Nywila zilizokaa kwenye kivinjari ziandike daftarini.

Kama diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, na laptopu nyingi zilizotoka maofisini zimefungwa bila mwenyewe kujua, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi unakaa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mara ya kwanza. Bila huo, ikitokea hitilafu, hata mimi hunioni.

Kupakua, na kuhakiki

Nenda kwenye tovuti yenyewe ya Linux Mint, chukua toleo la 22. Faili ni kama GB 3 hivi, kwa hiyo subiri bando la usiku. Usiichukue kwenye flashi ya rafiki, usiichukue kwenye kundi la Telegram.

Halafu hakiki. Hatua hii hata mafundi wanairuka, na nina sababu ya kuing'ang'ania. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha kupakulia, waliobofya wakapata Mint yenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Tovuti halisi, anwani halisi. Waliolinganisha alama za faili waliweza kugundua. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), ingia folda ilipo faili, andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili yako badala ya hilo. Baada ya muda kidogo utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ndiyo alama ya faili. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye faili iitwayo sha256sum.txt huko ulikopakulia. Fungua hiyo ya pili kwa simu, tena kwa "mirror" nyingine, yaani tovuti nyingine yenye nakala ileile, si kwa ukurasa uleule. Mimi nasoma herufi sita za mwanzo na sita za mwisho kwa sauti, kijana wangu wa kibandani ananijibu kwenye simu. Ikitofautiana hata moja, futa, pakua upya. Mara nyingi ni mtandao ulikatika katikati, lakini huwezi kujua.

Kuandika kwenye flashi

Flashi ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutika. Fungua Rufus, chagua flashi, chagua faili ya Mint, anza. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile inayopendekeza. Dakika kumi.

Kuonja kabla ya kumeza

Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga kitufe cha kuchagulia: kwa HP ni Esc au F9, kwa Dell na ThinkPad ni F12. Chagua flashi. Mint itawaka ikiwa kwenye flashi, bila kugusa diski yako.

Hapo kaa nusu saa. Wai-fai inashika? Sauti inatoka? Kamera? Chomeka printa, chapa ukurasa mmoja. Funga kifuniko, fungua, inaamka? Nimewahi kuharakisha mashine ya steshenari moja, kuja kugundua printa yao ya zamani haina dereva (programu ya kuiendesha) ya Linux. Nikarudisha kila kitu usiku ule kwa gharama yangu. Wai-fai ikigoma, hasa kwenye kadi za Broadcom, chomeka simu kwa waya, washa kugawa intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager ikutafutie. Kama mfumo hauoni diski kabisa, ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, utafute mpangilio wa diski uitwao SATA, uubadilishe kutoka RAID kwenda AHCI.

Kuweka

Bofya alama ya kuweka iliyo juu ya skrini. Kibodi iache ya Kimarekani. Itakuuliza kama unataka kufuta diski yote au kuiweka kando ya Windows. Wateja wangu wengi wanataka zote mbili, "ili nikishindwa nirudi". Nawaelewa, lakini Windows isiyoshonwa ikibaki kando, ndiyo watakayokuwa wanaiwasha kila siku, na faida yote imepotea. Umeshanakili, umeshaonja. Futa.

Palepale kuna nafasi ya kuifunga diski kwa nywila. Kama laptopu unatembea nayo kwenye daladala, ifunge. Lakini nywila ile iandike mahali, maana ukiisahau hakuna fundi wala kampuni ya kukufungulia, na hiyo ndiyo maana yake.

Jambo moja la kwetu: kama betri imekufa na mashine inategemea waya, usianze kazi hii jioni umeme unapopepesa. Anza asubuhi, au azima betri.

Saa ya kwanza

Fungua Update Manager, weka kila kinachotolewa, washa mashine upya. Kisha fungua Timeshift, uiambie ihifadhi hali ya mfumo kila wiki. Siku sasisho likikuvuruga, unarudi jana kwa dakika chache. Ukuta wa moto (firewall), unaozuia wavamizi wa mtandaoni, kwenye Mint umo lakini umezimwa. Fungua Terminal, dirisha la amri la Mint, uuwashe kwa kuandika:

sudo ufw enable

Kisha fonti. Hapa ndipo wanafunzi wa chuo cha Nyegezi wanaponijia mbio. Chuo kinataka Times New Roman, na Mint haiji nayo. Inakuja na Liberation Serif, ambayo upana wa herufi ni uleule, lakini msimamizi akifungua na kuona jina jingine anarudisha kazi. Andika:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Itakuja skrini ya masharti ya rangi ya buluu ambayo mausi haifanyi kazi. Watu hukwama hapo, wakafunga dirisha kwa hasira. Bonyeza Tab hadi neno la kukubali ling'ae, piga Enter. Na kwenye LibreOffice, inayokaa mahali pa Word kwenye Mint, weka mpangilio wa kuhifadhi kama docx, aina ya faili ya Word, moja kwa moja. Majedwali makubwa wakati mwingine yanasogea, kwa hiyo kazi ya mwisho tuma kama PDF.

Flashi yenye shotikati

Kila mtu Mwanza aliyewahi kuprinti steshenari anaijua hii. Umerudi nyumbani, flashi inaonyesha folda zako lakini kila moja ina kamshale kadogo pembeni. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kimeingia kwenye kompyuta yako wakati huohuo. Folda zako halisi hazijafutwa. Zimefichwa, na mahali pake pamewekwa shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato.

Kwenye Windows usibofye chochote. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za kweli zitajitokeza. Futa zenye mshale, futa na faili yoyote inayoishia na .vbs au .js usiyoijua, kisha ichunguze flashi kwa Defender, kinga ya virusi. Ile iliyomo ndani ya Windows inatosha. Sijamuuzia mtu kinga ya kulipia miaka mingi sasa.

Kwenye Mint flashi ileile inaonyesha folda zako pamoja na shotikati zimekaa tu, hazina la kufanya, kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Mteja mmoja alicheka akasema, "Kumbe Linux haipati virusi!" Nikamwambia futa hizo shotikati kabla hujampelekea mwenzio, maana wewe hujapona, umekuwa mbebaji.

Mnaopenda kubishana

Kijana wangu ni mfuasi wa Linux wa kupindukia, na kila mteja wa Windows anamhubiria. Nilimsimulia mambo mawili akanyamaza siku nzima.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows kama milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikaanguka na skrini ya buluu. Ndege zikalala viwanjani. Hapo alifurahi. Nikamwambia subiri. Mwezi Machi mwaka huohuo, tarehe 29, iligundulika kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo kwenye karibu kila Linux, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma, baada ya kujitolea na kujenga imani kwa zaidi ya miaka miwili. Aliyegundua ni Andres Freund, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, na hakuridhika hadi ajue kwa nini. Mwajiri wake? Microsoft.

Kampuni ileile ambayo mkuu wake wa wakati ule, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001, na mwaka 2016 ikajiunga na Linux Foundation. Wenye mali walishapatana, wanaorushiana maneno ni wateja. Mimi Microsoft nina ugomvi nayo mmoja tu: mashine ya kizazi cha 6 yenye SSD na GB 8 za RAM haijazeeka, imezeeshwa. Na watu wa Linux nina ugomvi nao mmoja pia: wakiulizwa swali na mama wa Kirumba, wanamjibu kana kwamba amewatukana.

Yule mwalimu wa picha za mtoto alirudi mwaka jana. Sikutegemea. Alileta laptopu ya mkewe, kizazi cha 5, Windows 10. Akakaa kwenye benchi kuanzia nakala ya kwanza hadi fonti, akiangalia kila ninachobofya, na sikumlaumu. Nilipomaliza nikakata kipande cha selotepu ya karatasi, nikaandika "Aprili 2029", mwezi ambao Mint 22 itaacha kushonwa, nikakibandika chini ya laptopu karibu na betri. Akaniuliza, "Ikifika je?" Nikamwambia aje na diski ya nje.